Kabla Hujamwamkia Mama Minza

Mwanangu Kabula,

Wewe na mama yako mmekwenda Butimba kumuaga shangazi yako, na najua mtachelewa, maana shangazi yako hajawahi kumruhusu mtu aondoke kwake kabla hajala mara mbili. Nimelisukuma pembeni rundo la magazeti, nimekaa mezani mahali ninapokaa siku zote ninapogombana na serikali. Leo sigombani na serikali.

Habari za sanduku, sweta la baridi ya Dodoma, michembe ya viazi, dagaa, na namna ya kulinda viatu vyako ndani ya treni, mama yako amekwisha kukuagiza. Amekuagiza mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu ulimwigiza hadi akacheka mwenyewe. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili tulipokuwa tunatoka kanisani.

"Baba, kwa nini Mama Minza ananiitikia mimi, wewe hakuitikii?"

Ulikuwa umempa shikamoo, naye akakuitikia kwa uso mkunjufu: "Marahaba mwanangu, jamani umekua!" Mimi nikasema, "Habari za leo, Mama Minza." Akanitazama kama mtu anavyotazama nguzo ya umeme, akaenda zake. Nikakujibu kwamba yule mama ana mambo yake. Nilikudanganya. Yule mama ana jambo moja tu, na jambo hilo ni mimi.

Labda ningeendelea kukudanganya. Lakini majina ya chuo cha uuguzi yalipotoka ulikuja mbio kutoka barabarani, kanga imekudondoka begani, unapiga kelele: "Minza naye kachaguliwa! Tunakwenda wote!" Mama yako alinitazama, mimi nikatazama chini. Mtalala bweni moja miaka mitatu. Minza anaijua nusu ya habari hii. Wiki mbili zilizopita mama yako alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho: "Mwambie wewe. Usimwachie mtoto wa mwenzio kazi yako." Wiki mbili nimezunguka. Kesho jioni treni inaondoka.

Wewe unanijua kama baba wa magazeti. Yalipoanza kutoka magazeti ya watu binafsi, mimi nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba mdomoni. Nimeandika juu ya mgonjwa anayeambiwa achangie kwanza ndipo apimwe. Nimeandika juu ya viwanda vinavyochukua minofu ya sangara na kutuachia sisi mifupa tuikaange, kisha tunaambiwa huu ndio uhuru wa soko. Diwani mmoja alinisimamisha Kirumba mbele ya watu akaniuliza, "Bwana Afya, hivi ukiwa nyumbani huwa unapumua, au unabisha tu?" Nikamjibu kwamba nabisha hata ninapopumua. Watu wakanishangilia. Napenda kushangiliwa, Kabula. Hilo nalo lijue mapema kuhusu baba yako.

Katika makala zangu zote neno haki halikosekani. Lakini ipo siku moja ambayo sijaiandika popote.

Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa Bwana Afya wa upande wa Kirumba, kazi yangu kukagua vyakula, vyoo na maji. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Asubuhi nyingi nilikupitisha soko la Mwaloni kabla ya shule, tukanywa uji kwenye meza ya Mama Minza karibu na mizani ya samaki. Alikuwa anakukamulia limau wewe tu, wengine anawauzia. Mimi alinipa jina: Bwana Faini. "Bwana Faini huyoo! Ficheni vikombe!" Wachukuzi wanacheka, nami nacheka, tunakunywa.

Kisha kipindupindu kikaingia. Kilianza kwa wavuvi waliotoka visiwani, kikapanda mitaani. Siku moja Minza akaanza kutapika. Mama yake alimbeba mgongoni, akampeleka mwenyewe kwenye kambi ya wagonjwa, bila askari, bila kulazimishwa na mtu. Naomba ukumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau siku iliyofuata. Alifanya kile kile tulichokuwa tunahubiri kila kona.

Alasiri ya siku hiyo hiyo ukaugua wewe.

Unakumbuka kwamba uliwahi kuumwa malaria kali, mama yako akiwa Ukerewe msibani. Haikuwa malaria, mwanangu. Kilikuwa kipindupindu. Nilijua kabla hujatapika mara ya pili. Nilikufunga kwenye blanketi nikakupeleka kambini. Kambi ilikuwa katika madarasa ya shule iliyofungwa kwa ajili ya ugonjwa, na mlangoni palikuwa na beseni la dawa ambamo kila anayeingia alitumbukiza miguu. Mimi sikupita mlangoni. Nilizunguka nyuma, upande wa jikoni. Mimi niliyewatoza watu faini kwa uchafu, mwanangu aonekane na ugonjwa wa uchafu? Hivyo ndivyo nilivyouita moyoni. Nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba kipindupindu hakimchagui mchafu, kinafuata maji machafu, na kwamba anayekunywa maji hayo siye aliyeyaleta. Nilijua kwa kichwa. Siku ile sikutumia kichwa.

"Jina la mtoto?" nesi wa zamu aliniuliza.

"Andika Maria."

"Maria nani, Bwana Afya?"

"Maria tu. Andika."

Akaandika. Angefanyaje? Mimi ndiye niliyekuwa nakagua hata ndoo zake.

Kila mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja wa kumhudumia. Ningekaa nawe, ningeonekana. Kwa hiyo nilikuacha. Niliandika sentensi hiyo, nikaifuta, nimeiandika tena: nilikuacha pale ukiwa na miaka tisa, na jina la mtu mwingine.

Kwenye kitanda cha jirani yako alikuwa Minza. Mama yake alikutazama, akanitazama mimi.

"Huyu si Kabula?"

Nikalivuta blanketi likufunike uso.

"Haya nenda, Bwana Faini," akasema, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake. "Mimi sijamwona mtu."

Asubuhi yake tuliitwa kikaoni. Wakubwa walitaka kusikia tumefanya nini. Sikuwa nimelala, nilikuwa na hofu juu yako, na hofu yangu ilikuwa inatafuta mtu wa kumvaa. Juzi yake ulikunywa uji kwa Mama Minza. Nami niliunywa uji ule ule, na nilikuwa mzima, lakini hilo sikutaka kulihesabu. Na kuna jambo lingine. Maji ya uji ule yalitoka kwenye kioski cha maji ambako mtaa mzima ulichota. Kioski kile nilikikagua mimi. Nilijua kwamba dawa ya kutibu maji ilikuwa imekwisha, nikakiacha wazi, kwa sababu kukifunga kungeleta maswali ofisini. Sasa nilitakiwa kutaja kosa liko wapi. Ningeweza kuitaja ofisi yetu au ningeweza kumtaja mwanamke. Nilimtaja yule asiyekuwa na ofisi.

Tulikuwa na Landrova, na kipaza sauti tuliazima kwa wale waliokuwa wanatangaza mechi za uwanjani. Kwa hiyo watu walitoka mbio wakidhani ni habari za mpira. Nilisimama nyuma ya gari nikataja jina lake lote. Nikataja meza yake. Nikasema mtoto wake yuko kambini. Nikamaliza kwa sauti nzito: "Tunasema haya kwa ajili ya usalama wa wananchi!" Wakashangilia.

Kufikia mchana meza ilikuwa imevunjwa na masufuria yametupwa ziwani. Watoto wakatunga wimbo. Minza aliporudi shuleni aliitwa Kipindupindu mpaka anamaliza darasa la saba. Wewe ulikuwa darasa la jirani, na ninakumbuka siku moja uliingia nyumbani unauimba wimbo ule. Nilikuchapa. Hukujua kwa nini unachapwa, na mimi nilijifanya sijui.

Na bado ningebaki mtu mwenye fahari, kama si yaliyotokea mtaa wa Igogo. Baada ya tangazo lile wagonjwa walipungua kambini. Tukafurahi. Niliandika ripoti safi kwamba hatua madhubuti zimezaa matunda. Kumbe ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni watu waliotuamini. Nilifika mlango wa mvuvi mmoja pale Igogo, jirani alikuwa ameninong'oneza kwamba ndani kuna mgonjwa. Yule bwana alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule.

"Mke wangu ana malaria tu."

Nyuma yake niliona pazia, na nilisikia harufu. Nilibisha, nikatisha, nikaondoka kwenda kutafuta askari. Tulipata ruhusa ya kuingia kesho yake, na tulikuta kinamama wamekaa chini wanalia. Mume hakunipigia kelele. Aliniambia taratibu, kama mtu anayeeleza njia: "Tuliogopa gari lako kuliko ugonjwa."

Nimesoma vitabu vingi, Kabula, vingine nimevisoma ili nipate cha kuwapiga nacho watu. Hakuna kilichonipiga mimi kama maneno yale.

Mpaka siku ile niliamini hivi: maadili ni ya daktari na mgonjwa wake chumbani, mambo ya sauti ya chini. Haki za binadamu ni za magazetini na mikutano ya vyama. Sisi wa afya ya jamii tunashughulika na umma, na umma hauna jina wala sura. Huko chuoni utakuta watu wanaoamini vivyo hivyo mpaka leo. Watakufundisha maadili kwa kukariri: tunza siri, omba ridhaa. Ukitoka darasani utamsikia mtu kwenye redio anaizungumzia haki kana kwamba ni nguo za mitumba zilizoshushwa juzi bandarini, tuchague zinazotutosha. Wabishie wote wawili. Umerithi mdomo, utumie.

Mimi nimefika hapa, na sijui kama ndio mwisho wa njia. Maadili ni kile ninachojizuia kukufanyia hata kama hakuna anayeniona. Haki ni kile unachoweza kunizuia nisikufanyie siku ambayo mimi nimeshindwa kujizuia. Yote yanamlinda mtu yule yule. Lakini mwenye koti jeupe naye huwa na siku mbaya. Mimi nilikuwa nayo. Siku ile maadili yangu yalikuwa yamelala, na Mama Minza hakuwa na mahali popote pa kusimama aseme, "Huna ruhusa." Ndiyo maana simwamini tena mtu anayeniambia tuwategemee watu wema. Mimi nilikuwa mtu mwema, muulize yeyote aliyenijua wakati ule.

Wala usidhani nimelainika. Meza ya uji inayoweza kueneza ugonjwa hufungwa, na leo ningeifunga. Ningekwenda kwa mwenyewe kwanza, nimweleze kwa nini, nimwambie lini atafungua na nani atamsaidia. Ningefunga na kioski. Na kipaza sauti kingetaja maji, kisingetaja mtu. Watakuja kukwambia kwamba wakati wa hatari lazima mmoja aumie ili wengi wapone. Waulize yule mama wa Igogo alikuwa nani, kama hakuwa mmoja wa hao wengi.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Tangu utotoni umekuwa ukisimulia juu ya yule nesi. Nesi aliyekulaza kichwa mapajani pake, akakunywesha maji kwa kijiko usiku kucha, akakuimbia kwa lugha usiyoijua. Ulisema ndiye aliyekufanya utake kazi hii. Ulimwambia padri, ukawaambia walimu wako, na siku ile tunajaza fomu ya chuo ulinisomea kwa sauti, "Nataka kuwa kama yule nesi," na mimi nikasema umeandika vizuri, weka nukta.

Hakuwa nesi, mwanangu. Nesi wa zamu alikuwa mmoja kwa darasa zima la wagonjwa, hakuweza kukaa na mtu. Lugha ile ilikuwa Kijita, nawe ulikuwa umezidiwa, hukumtambua aliyekuimbia. Alikuwa mama mwenye watoto wawili wagonjwa na kijiko kimoja, na mtoto mmoja kati ya hao hakuwa wake.

Habari ya tangazo langu ilimfikia kambini mchana ule ule, kichwa chako kikiwa bado mapajani pake. Angeweza kusema sentensi moja tu: na mtoto wake mwenyewe huyu hapa. Ningekwisha. Hakuisema siku ile, hakuisema meza ilipovunjwa, hakuisema Minza aliporudi analia kutoka shuleni. Hajamwambia hata Minza. Hakuwahi kukaa darasani kufundishwa kutunza siri ya mgonjwa, wala hakula kiapo chochote. Mimi ndiye niliyekula.

Na wewe pia nilikunyang'anya kitu. Ugonjwa ulikuwa wako. Mwili ulikuwa wako. Ilikuwa haki yako kujua ulivyopona na nani alikuponya, nami nimekaa na habari hiyo miaka yote kana kwamba ni mali yangu. Kwa hilo nakuomba wewe msamaha, na si kwa haraka.

Leo mchana, baada ya chakula, nilikwenda kwake. Sikuwahi kufika mlangoni kwake tangu mwaka ule. Nilimkuta peke yake anafunga dagaa za Minza kwenye mfuko.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiye nani? Hapa kwangu tunataja majina."

Nikataja langu. Akasema nipite. Hakunipa kigoda. Nilimweleza kwamba nataka kukuandikia yote, lakini habari hii si yangu peke yangu, kwa hiyo nimekuja kuomba ruhusa yake.

Alicheka, Kabula. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Jamani, Bwana Faini anaomba ruhusa! Mwaka ule ulikuja na kipaza sauti, leo unanong'ona?"

Nikaanza kujieleza. Unanijua. Nikasema kwamba wakati ule nilidhani nafanya kwa ajili ya watu.

"Na mimi nilikuwa nani?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema naweza kuandika gazetini nimsafishe jina.

"Usithubutu!" Hapo ndipo alipokasirika. "Utaandika, watu watasema Bwana Afya jasiri, amekiri. Utasifiwa. Mimi watanikumbuka kwa uji. Acha hivyo hivyo."

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja wakati ule. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Kabula alinikosea nini?"

Aliendelea kufunga dagaa. Nilipokuwa nainuka alisema, "Mwandikie. Lakini usijipunguzie hata kidogo, nitamuuliza. Minza nitamwambia mimi mwenyewe, jioni hii. Na jina langu liandike lote. Siku ile ulilipigia kelele, sasa liandike kwa mkono wako, taratibu, mtoto alijue."

Nikamshukuru. Akaongeza upesi: "Sijakusamehe. Nimekuruhusu. Usije ukachanganya."

Sichanganyi.

Anaitwa Perusi Nyangeta Magesa.

Nasikia watu wanapita nje, bado si ninyi. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako, chini ya sweta, uisome leo hii, kabla ya treni na si ndani ya treni, ili kama una la kuniambia unikute karibu. Kama hutakuwa na la kuniambia mpaka Krismasi, hiyo nayo ni haki yako, na nitaiheshimu ingawa itanichoma. Nakupenda kuliko maneno yote niliyowahi kuyapeleka gazetini, na najua kwamba kukupenda hakukunizuia kukuacha pale. Nenda ukawe muuguzi anayejua kwamba vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Kesho stesheni tutakuwepo sote. Yeye atakuwa amesimama na Minza, mimi nitakuwa nyuma nimebeba sanduku lako. Utatuona wote wawili kwa wakati mmoja na utapaswa kuanza na mmoja. Shikamoo yangu inaweza kusubiri. Anza naye.

Baba yako